Mlango wa Daktari Pua

Mimi nauza manukato, na wifi yangu hakujipulizia hata tone moja miaka yake yote ya kazi. Hapo ndipo ugomvi wetu ulipoanzia, na mapenzi yetu pia, maana sisi wawili hatujui kupendana bila kuchokozana.

Wifi ni mke wa kaka yangu mkubwa. Kaka anafundisha hisabati, mtu wa maneno ya kuhesabika, na mkewe ni daktari wa uzazi. Lakini si yule wa kuzalisha. Yeye kazi yake iko nyuma ya hapo, kabla mimba haijawa mimba. Alikuwa na maabara juu ya hospitali ya chuo, ghorofa ya tatu, chumba cha ndani kabisa, ambako yai la mwanamke na mbegu ya mwanamume hukutanishwa kwenye kisahani kidogo cha plastiki, kisha huwekwa kwenye mashine ya joto siku kadhaa kabla ya kurudishwa tumboni kwa mama. Kiinitete, wanakiita. Ukikiangalia kwa hadubini utaona vitone vichache tu vimebanana. Wifi hukizungumzia kwa sauti ya chini, kama mtu anayemzungumzia mtoto aliyelala chumba cha pili.

Wauguzi walimpa jina la Daktari Pua. Kila asubuhi alisimama mlangoni mwa maabara akinusa kila anayeingia. Mwanafunzi aliyefulia koti kwa sabuni ya maua, nje. Fundi wa umeme aliyepaka mafuta ya nywele, nje, hata kama taa imekufa. Mimi mwenyewe nikimtembelea alinipa mkono kwa mbali kana kwamba nina upele. Miaka yote hiyo nilimkumbatia siku za likizo tu.

"Wewe wifi una roho ya jiwe," nilikuwa nikimwambia. "Mwanamke asiyenukia ana tofauti gani na ukuta?"

"Ukuta mpya ndio mbaya zaidi," alinijibu. "Una rangi."

Watu wakicheka, wao hawajui. Mimi najua, kwa sababu rangi hiyo ya ukuta ndiyo iliyonipokonya mtoto wangu wa kwanza kabla sijampata.

Nilikuwa nimehangaika kutafuta mtoto mpaka nikachoka kuulizwa. Wifi akanichukua kwenye kliniki yake. Walivuna mayai yangu, vikapatikana viinitete viwili vizuri, vikarudishwa. Nililala chali nikijiona nimebeba dunia. Hakikushika hata kimoja. Nililia mpaka kaka, ambaye hajui kubembeleza, akakaa mlangoni kwangu akinisomea habari za michezo.

Lakini si mimi peke yangu. Msimu ule wote kliniki haikupata kitu. Wanawake waliokuwa wakikaa nami kwenye benchi la korido, mmoja baada ya mwingine, walirudi mikono mitupu. Madaktari wenzake walisema ni bahati mbaya, mambo haya yana msimu wake. Wifi neno bahati linamchefua. Alibadilisha maji, akabadilisha glavu, akapima joto la mashine mpaka mafundi wakamwona ana wazimu. Kisha siku moja, akipanda ngazi, akasimama ghafla. Ghorofa ya pili walikuwa wanapaka korido rangi, kidogo kidogo, kadiri bajeti ilivyoruhusu. Harufu ilikuwa imejaa kila mahali, na hakuna aliyeijali kwa sababu wote walishaizoea. Kiyoyozi cha maabara yake kilikuwa kinavuta hewa kutoka korido ileile.

Mtu mwingine angefungua dirisha. Yeye alichukua viinitete vya panya na kuviweka karibu na vitu mbalimbali: rangi mbichi, dawa ya kung'arishia sakafu, gundi, na vingi vikafa. Halafu akaja dukani kwangu.

"Nipe yale yanayonunuliwa sana," akaniambia.

Nilifurahi, jamani! Nikajua hatimaye amekubali kuwa mwanamke kama sisi wengine. Nikamfungia chupa nzuri nzuri, na punguzo juu. Nilipokuja kusikia kwamba manukato yangu yameua viinitete vya panya, nilinuna. Nilimwambia kaka amchague mkewe au dada yake. Kaka akaendelea kusahihisha madaftari.

Lakini wifi alisafisha maabara ile. Alitengeneza njia mpya ya hewa, akapiga marufuku kila chenye harufu, na akanirudisha mezani mara ya pili. Binti yangu yuko chuoni sasa. Anajipulizia manukato kuliko mimi.

Yote hayo wifi aliyaandika kwenye makala ya kurasa mbili. Kurasa mbili tu! Wenzake waliandika makala ndefu za kuchosha macho, yeye akaandika kurasa mbili akazipeleka kwenye jarida la kitaalamu la nje. Mwishoni kabisa, kwa maandishi madogo, aliandika kwamba watafiti wanamshukuru mwenye duka la manukato kwa kutoa sampuli. Mwenye duka huyo ni mimi. Nami nimo katika sayansi, asiyetaka ajinyonge.

Sasa, wasomi wana hesabu yao. Makala yako ikitajwa na mwingine katika makala yake, hiyo ni moja. Ikitajwa tena, ni mbili. Mtu hupimwa kwa hizo, kama mimi ninavyopimwa kwa chupa zilizotoka rafuni. Miaka ya mwanzo makala ya wifi ilitajwa mno. Binti yangu alipojua kutumia simu nikawa namuuliza kila wiki, "Leo wametutaja?" naye ananitafutia. Nilikuwa nawatangazia wateja. Kisha namba zikaanza kupungua, zikapungua, mpaka binti akaanza kunijibu kwa kutikisa kichwa. Wifi aliandika mengine mengi, kuhusu kugandisha mayai, kuhusu wanawake ambao hedhi zao hazina mpangilio, na yalitajwa kwa kiasi chake. Ila ile ya rangi na manukato, ambayo ndiyo roho ya kazi yake, ilikufa kifo cha kimya.

Aliomba uprofesa kamili, akanyimwa. Akaomba tena, akanyimwa. Kamati ilisema kazi yake ya msingi imepitwa na wakati na haina tena mvuto kwa wanazuoni. Maneno hayo nilisomewa na kaka, na nilihisi kama nimetukanwa mimi. Wifi aliosha vikombe. Ila niliona anaosha kikombe kilekile mara ya pili, ndipo nikajua yamemuuma.

"Bado naweza kuomba mara moja," alisema. "Mwaka kesho nastaafu."

"Na wasipokupa?"

"Nitastaafu nilivyo." Akajifuta mikono. "Lakini wifi, nisikudanganye. Nakitaka kile kiti cha uprofesa. Nataka siku moja waseme kwamba kile chumba hakikuwa mchezo wa mwanamke mwenye pua ndefu."

Hakuwahi kunifungulia moyo namna hiyo. Nikamwambia atakipata, ingawa sikujua kwa njia gani.

Utaratibu wa chuo ni kwamba anayeomba uprofesa hutoa mhadhara wa hadhara mbele ya kamati, na ndugu wanaruhusiwa kukaa nyuma wakikaa kimya. Baada ya hapo kamati hutembelea mahali pake pa kazi. Mara hii kulikuwa na mtahini wa nje, profesa mzee kutoka nchi ya mbali, bingwa wa mambo hayohayo ya viinitete. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mkuu wa Kitivo, ambaye ndiye aliyeandika yale maneno kwamba kazi yake haina mvuto.

Mkuu wa Kitivo ni mteja wangu. Siku moja kabla ya mhadhara aliingia dukani na suti yake mkononi, ametoka kuichukua kwa dobi.

"Nina mgeni mkubwa kesho," aliniambia. "Nataka kitu kitakachoingia ukumbini kabla yangu."

Biashara ni biashara. Nilimpa mazito kuliko yote niliyokuwa nayo, yale ambayo mtu akipita nayo leo, hata kesho unajua alipita. Akajipulizia palepale, akapulizia na suti, akaondoka amejaa kifua.

Siku yenyewe nilivaa gauni jipya, na mwilini sikutia kitu, maji na sabuni ya kipande tu. Nilijiona niko uchi. Kaka alibeba mkoba wa mkewe na binti yangu akakaa kati yetu. Wifi alipanda jukwaani, akazungumza bila kutetemeka. Nilielewa nusu, na hiyo nusu niliielewa vizuri. Alionyesha picha ya ile korido ya zamani. Alionyesha mstari wa idadi ya mimba ukishuka mpaka chini, kisha ukipanda. Kwenye ule mstari wa chini nilikuwamo mimi, na kwenye ule wa kupanda alikuwamo binti yangu, na hakuna mtu ukumbini aliyejua isipokuwa sisi wanne. Nilimshika binti mkono mpaka akaniambia namuumiza.

Ulipofika wakati wa maswali, Mkuu wa Kitivo akasimama. Harufu yake ilitufikia mpaka huku nyuma.

"Daktari, kazi nzuri," alisema. "Lakini tuwe wakweli. Makala hii ndiyo nguzo ya maombi yako, na kwa miaka hii ya karibuni ni kama hakuna anayeitaja. Wanazuoni wamekwenda mbele. Utatuambia nini?"

"Sina la kuwaambia kuhusu namba," wifi akasema. "Namba ndizo hizo mnazoziona."

Nilitamani kumfinya. Mwanamke gani huyu asiyejua kujipigia debe? Kaka aliinamisha kichwa. Mtahini wa nje alikuwa akiandika tu.

Kisha wakapanda ghorofa ya tatu kutembelea maabara. Ndugu hatukualikwa, ila mimi nilijibandika nyuma yao nikijifanya namsaidia kaka kubeba mkoba, na binti akajibandika nyuma yangu.

Tulipofika kwenye ule mlango, nilijua kinachokuja, na nilijua nani aliyekiuza. Ndani ya mashine za joto siku hiyo kulikuwa na viinitete vya wanawake. Nje, hatua chache tu, alikuwa anakuja mwenye hatima ya wifi yangu, amejaa manukato mpaka kwenye bitana ya suti. Nikaomba kimoyomoyo: wifi, leo tu. Leo tu funga hiyo pua.

Mkuu wa Kitivo alifika wa kwanza, akashika kitasa.

"Samahani," wifi akasema. "Wewe huwezi kuingia."

Mkuu wa Kitivo alicheka, akidhani ni utani. "Mimi?"

"Wewe. Umejipulizia manukato."

"Nitanawa."

"Yako kwenye suti pia, mkuu. Wengine karibuni. Wewe utaona kupitia kioo."

Uso wa mzee wa watu ulibadilika rangi. Alimgeukia mgeni wake huku akijilazimisha kutabasamu. "Profesa, unaona mambo yetu? Mimi ndiye mwenyekiti wa kamati inayompima, na nafungiwa mlango kwa ajili ya harufu nzuri! Tusameheane, daktari wetu huyu ana vituko vyake."

Mtahini wa nje alikuwa tayari amevua viatu na anavaa vile vya maabara. Hakuinua hata kichwa.

"Hata kwangu usingeingia," alisema.

"Kwako pia?"

"Kwangu, na kwa jirani yangu, na kokote nilikowahi kufanya kazi. Sijui maabara ya viinitete inayoruhusu manukato. Asubuhi hii nimeoga kwa maji matupu, maana nilijua nitaletwa hapa. Na nilikuwa nangoja kuona kama daktari huyu atathubutu kukuzuia. Asingekuzuia, ningekuwa na swali gumu la kumuuliza."

Mkuu wa Kitivo ni mtu wa majivuno, lakini si mjinga, na hilo nampa. Alitulia, akakunja uso kama anayetafuta kitu alichokiweka mahali.

"Sharti hilo mlilipata wapi?" akauliza.

"Kulipata?" Mtahini akasimama na kiatu kimoja mguuni. "Nililikuta. Mwalimu wangu alinifundisha siku ya kwanza, kabla hajanionyesha hadubini. Ni kama kunawa mikono. Nani anauliza kunawa mikono kulianzia wapi?"

"Mwalimu wako alilipata wapi?"

"Sijui. Limeandikwa kwenye kila mwongozo. Halina jina la aliyelianzisha."

Nikamwangalia wifi. Amesimama pale na koti lake jeupe, mkono kwenye kitasa, midomo ameifunga. Hangesema! Wallahi angekufa nalo. Mimi sikuumbwa hivyo.

"Ni yeye!" nikapiga kelele, na sauti yangu ikagonga kuta zote mbili za korido. "Ni yeye aliyelianzisha, ndiye huyo mnayemwambia hatajwi! Na manukato ya kupimia yalitoka dukani kwangu!"

Wajumbe wa kamati walinigeukia wote kwa pamoja. Binti yangu akajificha nyuma ya mjomba wake kwa aibu. Lakini kaka, yule kaka yangu asiyesema, akafungua mkoba, akatoa zile kurasa mbili, akamkabidhi mgeni.

Mtahini akazisoma palepale, amesimama, kiatu kimoja cha maabara na mguu mwingine wa soksi. Alizisoma polepole. Alipofika mwisho alirudi kuangalia mwaka wa kuchapishwa. Kisha akavua miwani.

"Mama," alimwambia wifi, na ilikuwa mara ya kwanza kwake kutosema daktari, "mimi nimekutii maisha yangu yote ya kazi, na jina lako sikulijua."

Wifi akajibu, "Bora ulitii."

Mkuu wa Kitivo alisogea mwenyewe mpaka kwenye kioo cha korido, akasimama pale na mikono nyuma, akatazama wenzake wakiingia. Nilikaa naye. Akasema, bila kunitazama, "Tulimhesabia wanaomtaja. Wanaomfuata hatukuwahesabu."

"Na suti utaipeleka tena kwa dobi," nikamwambia. Akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Kiti alikipata. Yeye Mkuu wa Kitivo ndiye aliyesoma hoja mbele ya baraza, na nasikia aliisoma kwa sauti iliyofika barabarani. Siku hiyo nilitembea mjini kichwa kimevimba kama mimi ndiye niliyepewa. Kila mteja aliyeingia dukani nilimweleza, hata aliyekuja kuuliza njia tu.

Wifi alifanya kazi mwaka wake wa mwisho kama kawaida, akinusa watu mlangoni. Alipostaafu alikabidhi maabara kwa mwanafunzi wake wa zamani, akarudi nyumbani kwa kaka kulima maua ya kwenye makopo. Nikamwacha apumzike. Kisha nikampelekea chupa niliyokuwa nimemwekea tangu binti yangu azaliwe.

"Leo huna kisingizio," nikamwambia.

Aliishika chupa ile kwa vidole viwili kama kitu cha kuuma. Akafungua. Akanusa kizibo, akafumba macho, na kwa muda akawa msichana. Halafu akajipulizia shingoni, mkononi, kwenye nywele, bila kipimo, kama mtoto aliyepewa sukari na ufunguo wa kabati. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Tukatoka pamoja, tumeshikana mikono, tunanukia mtaa mzima. Akasema anataka kupita hospitali, amesahau kikombe chake. Nikajua ni uongo, ametamani chumba chake tu. Tukapanda mpaka ghorofa ya tatu. Alivyozoea, akaenda moja kwa moja kwenye mlango akashika kitasa.

Mlango ukafunguliwa na mtaalamu mpya wa maabara, mwanamke kijana ambaye hatujawahi kumwona. Hakuwa anamjua wifi hata kidogo. Alimsogelea, pua ikamcheza, akaweka mkono kwenye fremu ya mlango.

"Samahani sana, mama," alisema kwa adabu. "Huwezi kuingia na manukato."

Wifi akamtazama. "Nani kasema?"

"Ndivyo ilivyo, mama. Kila mahali. Kuna viinitete vya watu humu."

Mimi nilishavuta pumzi. Nilishafungua mdomo nimwambie huyu mtoto anaongea na nani, mlango huu ni wa nani, na yeye mwenyewe anakula mkate wa nani. Wifi akanifinya mkono kwa nguvu.

"Nyamaza, wifi," akaninong'oneza. Macho yalikuwa yamemjaa machozi na anatabasamu, tabasamu ambalo hata siku ya kupewa kiti sikuliona. Akamgeukia yule kijana. "Umefanya vizuri. Usimwache mtu apite, hata akiwa nani."

"Sawa, mama," yule kijana akasema, akatufungia mlango.